Bosi Mwenye Kitambi cha Mto

Unamjua huyu mtu. Kama ulisoma sekondari Kenya, hasa shule ya wasichana, umemwona akiingia jukwaani si chini ya mara kumi. Koti kubwa la babake mtu, tai inayokaribia magoti, masharubu ya makaa, na ndani ya shati mto wa kulalia uliotolewa bwenini. Ni msichana wa kidato cha tatu anayekwaruza koo ili asikike mwanamume. Anaketi, anaita sekretari. Sekretari anaingia na viatu vya kisigino alivyoazimwa na mwalimu wa Bayolojia. Bosi anaangusha kalamu makusudi, sekretari anainama kuiokota, bosi anawageukia watazamaji na kulamba midomo, na ukumbi mzima unapasuka. Walimu wanacheka. Mgeni wa heshima anacheka hadi anatoa leso. Dakika ishirini baadaye mke wa bosi anavamia ofisi na mwiko, kunatokea fujo, kisha wote wanapanga mstari na kuimba kwamba wanawake waheshimiwe kazini. Makofi. Funzo limepatikana, twende tukale.

Huo ndio mchezo ambao shule zetu nyingi huuita mchezo kuhusu ubaguzi wa kijinsia kazini. Kwa maoni yangu, anayelindwa ndani yake ni bosi.

Angalia. Mwaka 2013 wasichana wa Butere walizuiwa kupeleka Shackles of Doom kwenye tamasha la kitaifa la drama, kwa madai kwamba ingechochea ukabila, hadi Mahakama Kuu ikaamuru waachwe waigize. Mwaka 2025 shule ile ile na mwandishi yule yule, Cleophas Malala, wakarudi na Echoes of War. Mahakama ikaamuru tena waruhusiwe. Tarehe 10 Aprili, huko Nakuru, wasichana wakaingia bila mwelekezi wao, aliyekuwa amekamatwa, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Nje polisi walirusha vitoa machozi. Mimi nasema kule kutoka ukumbini ndiko kulikuwa uelekezi bora wa jukwaa tuliouona nchini mwaka huo, na hakukuwa kwenye skripti.

Sasa niambie, lini umesikia bosi wa mto tumboni akirushiwa kitoa machozi? Maafisa wa elimu, mkuu wa kituo cha polisi, MCA, wote hukaa mstari wa mbele wakimtazama na hawasumbuki hata kidogo, kwa sababu hakuna anayejiona pale. Mtu mnene wa masharubu ya makaa si yeye. Yeye suti yake inamkaa vizuri, huongea polepole, na Jumapili husoma somo la kwanza kanisani.

Sisemi kicheko ni kibaya. Nimelelewa na vichekesho vya KBC na sitaki jukwaa la shule ligeuke semina. Lakini ni lazima mtu aulize kicheko kinamwendea nani. Kalamu inapoanguka, bosi hututazama sisi, anatukonyeza, na tukicheka tumeshakubali kuwa upande wake. Sekretari ametupa mgongo, hana hata uso. Mwaka 2006, Mswada wa Makosa ya Kingono wa Njoki Ndung'u ulipokuwa ukijadiliwa Bungeni, mbunge mmoja alileta hoja kwamba wanawake wetu husema hapana huku wakimaanisha ndiyo. Wabunge wanawake walisimama wakatoka nje. Ni kalamu ile ile, imeangushwa Bungeni badala ya jukwaani, isipokuwa safari hii waliotakiwa kuinama walielekea mlangoni. Butere, miaka kumi na tisa baadaye, walitumia mlango huo huo.

Tabia hii ya kucheka upande usiofaa tunaipeleka hadi darasani. Wengi wa rika langu tulisoma Kigogo ya Pauline Kea kwa lazima ya mtihani. Kuna pale Ashua anapoingia ofisini kwa Majoka, watoto wake wana njaa, anaomba msaada, na Majoka anaanza kumtongoza. Husda, mke wa Majoka, anawakuta, wanawake wawili wanashikana, na Ashua ndiye anayeishia kwenye seli. Darasani kwetu, tulipokuwa tukisoma kwa sauti na kugawana wahusika, kila mtu aling'ang'ania kuwa Husda. Ugomvi ulirudiwa mara tatu. Kea hakuandika kichekesho pale, ukisoma polepole unaona ni mtego, na mtego umewekwa na mwenye ofisi. Kichekesho tulikitengeneza sisi. Nimewauliza marafiki kadhaa waliosoma kitabu hicho: Majoka alikuwa anafanya nini wakati wanawake wanapigana? Hakuna aliyekumbuka. Mtu mwenyewe wa kesi ameshatoweka katikati ya onyesho lake!

Ndiyo maana nilikubali kwenda Meru. Muhula wa pili wa 2025 mwalimu mmoja wa drama, rafiki ya dadangu, aliniita nimsaidie katika shule ya wasichana iliyo juu kidogo ya mji, upande wa mlima. Hakuwa na pesa za mwelekezi wa kweli. Mimi nilikuwa na muda, na jina langu lilikuwa limetokea mtandaoni mara tatu nne. Walitaka mchezo wa nyimbo wa siku ya zawadi, si wa mashindano, na hilo lilitupa nafasi: hakuna jaji, hakuna mtu wa kuhesabu dakika. Baada ya mambo ya Nakuru, mwalimu mkuu alikuwa na swali moja tu. Kuna serikali ndani? Tukamwambia hakuna, ni ofisi tu. Akatia sahihi.

Siku ya kwanza ya mazoezi niliomba mto. Msichana aliyepewa ubosi alinitazama kama nimemvua nguo. "Sasa watajuaje mimi ni bosi?"

Sijasikia swali bora la uigizaji kuliko hilo. Nilimwambia afikirie mtu mzima anayemwogopa kidogo, lakini ambaye nyumbani kila mtu humsifu. Hakuniambia ni nani na sikumuuliza. Akaketi upya. Badala ya kukwaruza koo akashusha sauti, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akamwambia sekretari: "Karibu, binti yangu. Umekunywa chai lakini?" Wasichana waliokuwa wameketi sakafuni wakila mandazi wakaacha kutafuna. Hakuna aliyecheka. Alikuwa bado na sketi ya shule na soksi za kijivu, na wote walijua ni bosi.

Kutoka hapo ndipo wimbo wake ulipozaliwa, na kwangu ndio moyo wa mchezo mzima. Kwa kawaida bosi wetu wa jukwaani haimbi. Hucheza ngoma kidogo, hutikisa kitambi, basi. Kuimba ni kwa wema na kwa kikundi. Tukaamua huyu aimbe, tena aimbe vizuri kuliko wote. Sauti tuliipa mwendo wa tenzi za kanisani, zile ambazo hata usiyejua maneno unajikuta ubeti wa pili unapiga makofi. Maneno yenyewe yalikuwa machache: "Mlango wangu uko wazi, binti yangu, mlango wangu uko wazi." Ubeti wa kwanza kuhusu kazi, wa pili kuhusu karo ya wadogo zako. Siku ya zawadi wazazi waliuchukua mara moja. Akina mama wa mstari wa tatu walikuwa wanaimba itikio. Halafu ubeti wa tatu, bila ishara yoyote jukwaani, msichana aliyekuwa amesimama nyuma ya ukumbi wa kulia chakula alifunga ule mlango mkubwa wa chuma. Mlango wa kweli. Kama umesoma bweni unajua sauti yake.

Makofi hayakukoma kwa pamoja. Yalikatika vipande vipande, huku mtu mmoja mmoja akigundua anapigia nini makofi.

Maneno ya wimbo niliyaleta mimi, na sikuyatunga. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, kabla sijaacha, nilifanya atachimenti katika ofisi fulani ambayo haina haja ya kutajwa. Kila wiki unajaza daftari, na msimamizi lazima atie sahihi, la sivyo chuo hakikuhesabii. Wangu alikuwa mtu mpole kupindukia. Hakuwahi kuangusha kalamu. Alikuwa tu anasahau kutia sahihi mchana, na akikumbuka ni saa kumi na mbili jioni, wenzake wameshaondoka, na mlango wake, kama alivyopenda kusema, uko wazi daima. Sikuwa nikirudi jioni. Daftari langu lilibaki na wiki nne tupu. Sikuacha chuo kwa hilo peke yake, karo ilikuwa na stori yake, ila najua kwa nini michezo ya kalamu na mwiko hunichosha. Hakuna onyesho hata moja ndani yake ambalo ningeweza kulitumia kumweleza mama yangu kilichotokea.

Fasihi yetu ina mtu aliyeliona tatizo hili mapema. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 tukiwa ndio tumeanza mazoezi, aliandika Caitaani Mũtharabainĩ akiwa kizuizini Kamiti, kikatoka mwaka 1980, na miaka miwili baadaye kikapatikana kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Wariinga ni sekretari. Bosi wake, Kihara, anamtaka, anakataa, anafutwa kazi. Mpenzi wake anamwacha, mwenye nyumba anamtoa. Na anapokutana na mtu wa kumsikiliza, hasemi "mimi". Anasimulia kisa cha msichana anayeitwa Kareendi, ambaye anaweza kuwa msichana yeyote wa jiji.

Watu husifu kitabu hicho kwa karamu ya wezi na wanyang'anyi, na haki yao. Mimi kilichonishika ni hapo kwa Kareendi. Mwanamke anaazima jina ili aweze kusema. Tuliiba mbinu hiyo waziwazi: katika mchezo wetu sekretari hana wimbo wa "mimi" hata mmoja. Kila anapotaka kueleza, anaanza na "kuna rafiki yangu". Kwaya inamjibu, "rafiki yako yupi?" Mara ya kwanza ni utani, mara ya nne si utani tena.

Lakini nina ugomvi na Ngũgĩ pia. Ndani ya kitabu kuna mwanamuziki, Gatuĩria, msomi wa chuo kikuu anayetafuta namna ya kutunga muziki mkubwa wa taifa zima. Anayo nafasi ya kutafuta, anayo miaka. Wariinga, ambaye ndiye mwenye kisa, hapewi chombo. Anapewa gereji, na hapo Ngũgĩ anaandika vizuri sana, wanaume wanavyomcheka mwanamke aliyeshika spana hadi injini inaponguruma. Anapewa karate. Mwishowe anapewa bastola. Nakubali bastola, hadithi ilikuwa inaelekea huko. Ila kila nikisoma najiuliza muziki ule ungekuwaje kama angeutunga yeye. Shule ya wasichana yenye gitaa moja, ngoma tatu na kinanda cha kanisa cha kuazima ni jaribio dogo la kujibu hilo, na sijifanyi ni zaidi ya hapo.

Kuna mtu aliyependekeza tuigize tu 9 to 5 ya Wamarekani, iko tayari na nyimbo ziko tayari. Tulitazama filamu kwenye maabara ya kompyuta: ya mwaka 1980, Jane Fonda, Lily Tomlin na Dolly Parton, ambayo baadaye Parton aliiandikia nyimbo ikawa mchezo wa Broadway mwaka 2009. Jina lilitoka kwa chama cha wanawake wa ofisini kilichoanzia Boston mwaka 1973, wanawake waliochoka kuchemsha kahawa ya watu na kulipwa kidogo. Makarani watatu wanamteka bosi, wanamfunga nyumbani kwake, na wanaendesha ofisi kwa jina lake: saa za kazi zinazobadilika, mahali pa kulea watoto, mishahara sawa. Wasichana waliipenda. Mimi pia, hasa pale inapoonyesha kwamba ofisi bila bosi inaenda vizuri kuliko kawaida. Lakini msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Na mshahara wao mwezi huo nani anasaini?" Tukazima kompyuta. Hapo ndipo filamu ile ilipo mbali na sisi. Ni ndoto ya watu ambao ofisi ni lazima iwepo kesho. Hapa kwetu bosi akipotea wiki mbili, wafanyakazi wanakuta kufuli.

Basi tukarudi kwa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa sera ya maandishi kuuhusu. Nilikisoma kifungu hicho kwa sauti nikidhani kitawachosha. Nusu saa baadaye wasichana walikuwa wameshakipatia wimbo. Kwaya inajihesabu jukwaani, moja, mbili, tatu, hadi ishirini. Bosi anasikiliza kwa tabasamu, anamshukuru wa ishirini kwa utumishi wake, anampa bahasha, anamwonyesha njia. Kwaya inajihesabu upya: kumi na tisa. Sheria haisemi kwamba chini ya 20 unaweza kumgusa mtu, marufuku iko pale pale. Bosi anajua hivyo. Yeye shida yake ilikuwa karatasi ukutani. Huo ndio wimbo pekee ambao watu walicheka kwa nguvu, na nilikaa na kicheko hicho kwa raha zangu zote, kwa sababu bosi hakuwa nacho.

Jambo moja lilinisumbua tangu mwanzo. Ofisi yenyewe, kile kiti cha kuzunguka na simu ya mezani, wasichana hawa wameiona wapi? Kwenye televisheni. Wengi wao mama zao wana majani chai, robo ekari, nusu ekari, wanayabeba mgongoni hadi kituo cha kununulia. Kazi wanayoijua ina mizani. Februari 2023 BBC ilionyesha uchunguzi wa mashamba ya Kericho, yale yaliyoendeshwa kwa miaka na Unilever na James Finlay, ambako zaidi ya wanawake 70 walisema wasimamizi wao waliwanyanyasa kingono. Wasichana kadhaa walikuwa wameitazama kwa simu likizoni. Wakasema Kericho ni mashamba ya kampuni, kwetu kila mtu na miche yake, hakuna anayekupangia siku. Kisha wakaanza kubishana wenyewe. Anayeshika mizani si bosi? Anayesema majani yako ni magumu, rudi nayo?

Nusu ya pili ikahama ofisini ikaenda kituoni. Msichana aliyeimba sekretari anafunga leso kichwani na kuwa mama yake sekretari. Aliyekuwa bosi anavaa koti la vumbi na kusimama kwenye mizani. Hakuna anayeguswa, hakuna neno chafu. Karani anapima, anatoa majani machache kikapuni, anatupa chini, anapima tena, anatoa mengine, na wakati wote anavuma kwa pua ule wimbo wa mlango. Ni dakika nne. Mwalimu wa muziki aliona ni ndefu mno na akataka tuongeze ngoma. Tukabishana kwa adabu na ikabaki dakika nne. Sisemi makarani ndivyo walivyo, nasema ukumbi ule ulikuwa na akina mama wanaojua uzito wa kikapu bila mizani, na nilikuwa nimesimama pembeni nikiwatazama wao badala ya jukwaa.

Kulikuwa na tatizo ambalo Nairobi labda lisingetokea: bosi mwanamke. Kidato cha nne walitaka onyesho la mwanamke aliyepandishwa cheo na wanaume wa chini yake wanakataa kumsikiliza. Wazo la kawaida kabisa. Lakini hapa ni Meru. Weka mwanamke yeyote kwenye kiti cha mbele na ukumbi unasikia jina moja, Kawira Mwangaza. Gavana wa kwanza mwanamke wa kaunti, alichaguliwa 2022. MCA walipiga kura kumng'oa mara tatu. Seneti ilikataa mbili za kwanza, ikakubali ya tatu Agosti 2024, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaidhinisha. Mashtaka yalikuwa ya utovu wa nidhamu na kuvunja Katiba, na jukwaa la shule si mahali pa kuisikiliza kesi hiyo upya. Hata hivyo, matusi aliyorushiwa kama mwanamke yalifika hadi kwenye kikao cha Seneti cha 2023, na hayo kila msichana aliyasikia nyumbani, yakirudiwa mezani na watu anaowapenda. Jirani zetu wa Embu ndio waliokuwa na gavana wa kwanza kabisa nchini kung'olewa na MCA, Martin Wambora, mwaka 2014. Mahakama zikamwokoa na akatawala hadi 2022. Sijaona popote mtu akijadili ndoa yake.

Wasichana walitatua bila mimi. Onyesho lao halina neno. Mwanamke anaketi kwenye kichwa cha meza, anafungua faili, anafungua mdomo. Kila akifungua mdomo mwanamume mmoja anasimama, anajinyoosha, anatoka taratibu kama anayeenda msalani. Anabaki na viti. Lilipoisha, mzee mmoja mstari wa pili alisema kwa sauti, "Hii ni siasa." Mama aliyekuwa nyuma yake akamjibu kwa Kimeru, na nusu ya ukumbi ikageuka kumtazama yeye. Ulikuwa mjadala ambao mwelekezi hawezi kuupanga, na nashukuru mwalimu mkuu alikuwa nje akipokea mgeni aliyechelewa.

Wiki tatu baadaye tulialikwa Embu, shule ya mseto. Basi la shule lilipita Nkubu, Chogoria, Chuka, wasichana wakiimba hesabu ya kumi na tisa hadi dereva akaijua. Kule tulichezea ndani ya hema uwanjani, na hema halina mlango wa chuma. Msichana wa kufunga alijaribu kushusha turubai la kuingilia, upepo ukalipuliza, wavulana wakacheka, na ubeti wa tatu ukapita kama ubeti tu. Niseme wazi, siku hiyo wimbo ulipoteza nusu ya nguvu zake. Vitu vingine vinahitaji chuma.

Ila Embu ndiko mchezo ulikopata mwisho wake. Mwalimu aliyetualika, mtu mwema, aliyetulipia mafuta ya basi, alitazama mazoezi asubuhi na kutuambia kwa heshima kwamba hakuna funzo. Bosi hakuadhibiwa. Vijana wataenda nyumbani na nini? Huo ndio ugonjwa mkubwa wa jukwaa letu la shule, ukinauliza: kila uovu lazima ukamatwe kabla ya chakula cha mchana. Mtoto anajifunza kwamba haki huingia kupitia mlango wa kulia, imevaa sare, dakika mbili kabla ya wimbo wa mwisho. Anapofika ofisini na haki isiingie, anafikiri labda kilichompata si uovu. Nilikuwa najiandaa kumwambia mwalimu hayo yote, pengine kwa maneno makali zaidi, lakini wasichana wakanitangulia. Wakasema ni sawa, watamwongeza polisi. Wakaomba dakika kumi nyuma ya basi.

Polisi aliingia mwisho kabisa, kofia ya bluu waliyoazima kwa askari wa lango. Hema zima likashangilia, wavulana wakapiga miluzi. Akatembea moja kwa moja hadi mezani kwa bosi, mkono tayari kwenye mkanda. Bosi akainuka. Polisi akamsalimia kwa mikono miwili, akavuta kiti, akaketi, akauliza kama kuna chai. Bosi akamtazama sekretari. Sekretari akasimama pale kwa muda, trei mkononi, akitutazama sisi, na mpiga kinanda akaanza polepole ule wimbo wa mlango.